Jiko la kwenda nalo Lushoto

Ugomvi ulianza na nusu gunia la mkaa. Baba alilinunua njiani akitoka kazini, akaliweka kwenye buti la gari pembeni ya mahema mawili mapya ambayo hata hayajafunguliwa. Zilikuwa zimebaki siku kumi kabla ya safari ya Lushoto. Mama alipofungua buti kushusha vitu vya sokoni aliliona, akalibeba mwenyewe mpaka uani, akarudi kunawa mikono. Hakusema kitu. Asubuhi Baba akakuta buti halina kitu isipokuwa vumbi jeusi, akauliza, akajibiwa kwa mkato: "Mkaa hauendi."

Ni familia ya watu sita, wanaishi Tabata, Dar es Salaam. Baba, Mama, watoto watatu wa miaka 12, 8 na 4, na Bibi mzaa baba aliyehamia kwao baada ya kufanyiwa upasuaji wa macho. Watoto walikuwa wameahidiwa tangu Januari kwamba likizo ya Juni watalala kwenye hema, juu milimani, upande wa Irente, mahali ambapo ukisimama ukingoni unaiona nyika yote imelala chini. Bibi alisema naye anakwenda. Hakuna aliyethubutu kumwambia abaki.

Kwa Baba, kupiga kambi bila mkaa ni sawa na kwenda harusini ukale mkate na chai. Jiko la mkaa lipo nyumbani, halidaiwi, na mkaa unauzwa kila kona. Mama alitaka jiko la gesi la kuchomea nyama, lile dogo la kubeba, na kwa mtazamo wa Baba huko kulikuwa kutafuta gharama. Tangu Serikali izindue mkakati wa nishati safi ya kupikia mwezi Mei 2024, ukilenga asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034, neno hilo limekuwa kwenye kila mkutano na kila redio. Baba akamtania mkewe: "Na wewe umeteuliwa kuwa balozi wa nishati safi?" Mama hakucheka.

Usiku ule, watoto wakiwa wamelala, ndipo alipomweleza jambo ambalo katika miaka 14 ya ndoa hakuwahi kulitaja.

Mama alikulia Njombe. Anayeijua Njombe ya Juni na Julai anajua kwamba baridi yake haina mzaha. Mwaka ambao yeye alikuwa kidato cha pili, shuleni bweni, shangazi yake alikuwa amehamia nyumba mpya: matofali ya kuchoma, bati, dari, madirisha ya vioo. Ilikuwa nyumba nzuri kuliko zote mtaani. Usiku mmoja shangazi aliingiza jiko la mkaa chumbani baada ya kupika. Mkaa ulikuwa umeshakolea, mwekundu, hauna moshi hata kidogo. Akafunga mlango, akalala na bintiye wa miaka 9. Asubuhi majirani walimkuta shangazi amejikokota mpaka mlangoni, ametapika, hajitambui. Mtoto alikuwa kitandani kama aliyelala. Hakuamka.

Hapakuwa na jeraha. Hapakuwa na harufu. Daktari alisema ni hewa ya mkaa, lakini nani mtaani alikuwa ameiona hiyo hewa? Watu wakakumbuka kwamba jirani mmoja, mama mzee aliyeishi peke yake, alikuwa ameisifia sana ile nyumba mpya. Maneno yakaanza. Kabla ya mwaka kuisha mama yule akafungasha vitu vyake akahama.

"Mimi ndiye niliyekuwa nalala na yule mtoto wakati wa likizo," Mama alimwambia mumewe. Baba alikaa kimya muda mrefu, kisha akauliza jiko lenyewe la gesi linauzwa wapi.

Hewa iliyomuua yule mtoto inaitwa kaboni monoksaidi. Haionekani, hainuki, haikerekeshi koo. Hutokea kitu kinapoungua bila kupata hewa ya kutosha, na mkaa huitoa kwa wingi hata pale unapoonekana umekolea vizuri. Hapo ndipo watu wengi hudanganyika, kwa sababu tumezoea kuuogopa moshi, na moshi ukiisha tunaona hatari imekwisha. Ikiingia kwenye damu hukaa mahali pa oksijeni, mtu anaumwa kichwa, analegea, anasinzia. Aliyekwisha kulala hapati hata nafasi ya kuumwa kichwa.

Jumamosi wakaenda Kariakoo wote wawili, na Mama alibeba mtungi. Baba aliona aibu kidogo kutembea na mkewe aliyekumbatia mtungi wa gesi wa kilo 6 kama mtoto, lakini mzazi unayefikiria kununua jiko la aina hii fanya hivyohivyo, au angalau piga picha ya karibu ya kichwa cha mtungi wako. Vichwa vya mitungi havifanani. Regulata inayokaa kwenye mtungi wa kampuni moja inaweza isikae kabisa kwenye mwingine, na muuzaji wa jiko mara nyingi hajui, ama anajua na hasemi.

Duka la kwanza lilikuwa na yale majiko yanayokaa kwenye boksi la plastiki kama begi, yanayotumia kopo la gesi la kuchomeka ubavuni. Mepesi, bei nafuu, na wanauza bamba lake la kuchomea. Baba alilipenda. Tatizo liko kwenye kopo. Kopo moja lina gramu 220 hivi, na ukichoma kwa moto mkubwa linakuchukua saa moja na nusu, si zaidi. Kwa watu sita na siku tatu ungehitaji kubeba katoni. Halafu makopo hayo kwa kawaida ni buteni, ambayo huacha kugeuka mvuke joto linapokaribia nyuzi sifuri, na hata kwenye nyuzi 8 au 10 za alfajiri ya milimani moto wake unasinyaa, kwa kuwa kopo lenyewe hupoa kadiri gesi inavyotoka. Propeni haina shida hiyo, inaendelea kutoa mvuke mpaka nyuzi 42 chini ya sifuri. Gesi ya mitungi yetu ya nyumbani ni mchanganyiko wa hizo mbili, kwa hiyo Lushoto haiisumbui. Na bamba pana likizidi ukubwa wa jiko la begi hurudisha joto kwenye kopo, jambo ambalo mtu hapaswi kulijaribu hata mara moja.

Duka la pili walikuwa na jiko zuri la kukunja miguu, lenye kifuniko na kipimajoto, lililoletwa kutoka Marekani. Mdogo wake Baba, anayeishi Houston, alikuwa ameshawatumia picha za majiko ya namna hiyo kwenye simu, akasema hata yeye anaweza kuwatumia moja kwenye kontena. Kule yanatumia mtungi mdogo wa ratili moja, yaani gramu 465 za propeni, unaosokotwa moja kwa moja kwenye jiko. Mama alimuuliza swali moja: "Shemeji, hicho kichwa cha kusokota kitaingia kwenye mtungi wa Tabata?" Shemeji akatuma picha ya mtu anayekuna kichwa. Muuzaji wa Kariakoo yeye alikuwa na jibu. Alitoa kiunganishi cha shaba kilichochongwa na fundi, akakifunga kwa uzi mweupe, akasema kimeuzwa kwa watu wengi na hakuna aliyerudi kulalamika. Mama akasema asiyerudi huenda hana tena miguu ya kurudia. Wakaondoka.

Baba akapendekeza Gerezani, ambako fundi angewatengenezea wavu mpana wa kukaa juu ya mtungi wenyewe, juu ya kile kichomeo cha mtungi mdogo. Ni wazo la watu wengi na linavutia kwa bei. Lakini mtungi wenye mzigo wa nyama kichwani, uliosimama kwenye majani yenye mteremko, na mtoto wa miaka 4 anayekimbiza mpira, huo si mpango. Tena bati pana juu ya moto hurudisha joto chini kwenye vali. Jiko la kuchomea likae mbali na mtungi, mpira wa gesi uwe kati yao. Kwa hilo Mama hakutaka mjadala.

Walilipata duka la nne, saa tisa alasiri, Baba akiwa ameshachoka kabisa. Jiko la mezani, miguu minne mifupi ya kukunja, kifuniko kinachofungwa kwa kishikizo, uzito wa kilo 9, uwanja wa kuchomea wa sentimita 45 kwa 30. Mama alilikagua kama mtu anayenunua ng'ombe. Aliinua wavu, akaridhika kwamba ni vyuma vizito na si nyaya, kwa sababu nyaya hupoa mara unapoweka nyama na badala ya kuchoma unachemsha. Akavuta trei ya kudondokea mafuta. Akabonyeza kiwashio mara kumi, kikalia mara saba, akasema basi kiberiti kitakuwepo. Kwenye kibandiko iliandikwa kilowati 2.5 na gramu 182 kwa saa. Baba, ambaye ni mtu wa mahesabu, hapo alichangamka. Saa mbili kwa siku, siku tatu, ni kilo moja na kidogo. Mtungi wao wa kilo 6 ungetosha kwenda na kurudi mara tano. Hata wa kilo 3 ungetosha.

Jiko lilikuwa Sh280,000. Regulata inayolingana na kichwa cha mtungi pamoja na mpira wa mita moja na nusu na vibano vyake, Sh45,000. Si hela ndogo, na Baba hakuacha kulisema hilo mpaka daraja la Tazara.

Jumapili walilijaribu uani. Mama alipaka povu la sabuni kwenye kila maungio na kusubiri kama kuna kiputo kinachokua. Kimoja kikakua, kwenye kibano cha upande wa jiko, wakakaza. Kisha wakachoma. Ukweli usemwe: mishkaki ilitoka vizuri kiasi kwamba watoto hawakujua tofauti, maana ile harufu tunayoipenda kwa sehemu kubwa ni mafuta yanayodondoka kwenye chuma cha moto na kurudi juu kama moshi. Ila mbavu za mbuzi hazikuwa zile. Baba alizitafuna taratibu, akasema, "Zimeiva." Mke wake alijua maana yake.

Safari ilianza saa 11 alfajiri. Mtungi ulisimama wima nyuma ya kiti, umefungwa kwa kanga, na madirisha hayakufungwa yote. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutulia chini, miguuni, na gari lililofungwa ni kama karai. Walipokula Korogwe gari liliegeshwa kivulini. Mombo wakakata kupanda, Soni, kona baada ya kona, mtoto mdogo akatapika mara mbili, na saa nane mchana walikuwa wanapigilia mambo za hema.

Jioni ilikuwa nzuri. Kuku, mahindi mabichi, ndizi. Baba alisahau kumwaga mafuta ya trei, yakashika moto, akakimbilia kufungua kifuniko badala ya kufunga gesi. Mama akafunga gesi. Yaliisha kwa nusu dakika na kuku wawili weusi upande mmoja. Walipomaliza kula, Mama alifanya kitu ambacho mumewe alikuwa akimcheka tangu Dar: alichomoa regulata kwenye mtungi, akaifunga kwenye kitambaa, akaitia kwenye pochi yake.

Kwenye saa saba usiku akasikia zipu. Halafu chuma kikigonga chuma.

Kwenye hema la pili, ambamo Bibi alikuwa amelala na watoto wawili wakubwa, taa ya simu ilikuwa inawaka. Jiko lilikuwa limewekwa katikati, juu ya mkeka, miguu yake imekunjuliwa vizuri. Mtungi ulikuwa mlangoni. Mtoto wa kwanza alikuwa amepiga magoti na kiberiti mkononi, mdogo wake amemshikia mpira wa gesi. Zipu ya hema ilikuwa imefungwa mpaka chini isipokuwa pale alipoingiza kichwa Mama.

"Mama, regulata iko wapi?" mtoto akauliza. "Bibi anasikia baridi."

Vali ya mtungi ule haitoi gesi mpaka regulata ikae juu yake. Kwa hiyo hakuna kilichotokea. Mama aliwatoa watoto nje na jiko lao, akaingia, akaketi. Mikono ilikuwa inamtetemeka na hakutaka mama mkwe wake aione.

"Shikamoo mama," alisema, kwa kukosa la kusema.

"Marahaba. Umekuja kunigombeza?"

"Hapana mama."

"Kwani hili si la gesi? Si wewe uliyewaambia watoto baya ni la mkaa?"

Hapo hakuwa na jibu, kwa sababu ni kweli. Kwa wiki nzima aliwaimbia watoto mkaa, mkaa, mkaa, wakaelewa kwamba gesi imesalimika. Gesi ni afadhali, huungua safi zaidi, lakini nayo ndani ya hema lililofungwa humaliza hewa, na hewa ikipungua nayo huanza kutoa sumu ileile. Achilia mbali nailoni ya hema sentimita chache kutoka kwenye moto. Hakuna jiko la kuingia hemani. Hilo hakulisema kwa maneno hayo kwa mtu yeyote kabla ya safari.

Bibi akasema yeye amezaliwa Mbulu, kwenye baridi, na wamelala na moto katikati ya nyumba mpaka wamezeeka, na hakuna aliyekufa kwa moto. Mama alijua nyumba hizo zilivyo: udongo, matundu, mlango wa mbao usiokutana na kizingiti, moshi unapenya kila mahali na kutoka. Nyumba inapumua, ingawa macho na vifua vya waliolala humo vinalipa. Hema la kuzuia mvua halipumui, kama vile nyumba ya dari na vioo isivyopumua. Akamsimulia habari za Njombe. Alisimulia yote safari hii, hata yale ambayo mumewe hakuyasikia vizuri, yaani jinsi mama yake mwenyewe alivyokuwa miongoni mwa waliomnyooshea kidole yule jirani.

Bibi alisikiliza mpaka mwisho. "Mtoto aliitwa nani?"

Mama akamtajia.

"Na yule mama mliyemsingizia, yuko wapi?"

Mama alisema hajui. Hakuwahi kuuliza. Bibi akavuta shuka, akasema, "Haya. Lakini baridi bado ninayo, mwanangu."

Wakaliwasha jiko nje, mbali na mahema, saa saba na nusu usiku, Baba ameshika kifuniko kuzuia upepo. Birika juu ya wavu wa kuchomea lilichukua karibu dakika 20 kuchemka, na huo ndio udhaifu wa majiko haya, si ya kuchemshia. Maji wakayatia kwenye chupa mbili za chuma za shule, kila moja wakaivika soksi, wakamwekea Bibi miguuni. Kisha Mama akachukua mkeka wa kukalia na kanga zote zilizokuwepo, akazitandika chini ya godoro, kwa sababu baridi ya hema nyingi yake hutoka ardhini na mablanketi mawili juu hayaisaidii migongo. Watoto wakaingia wakalala huku na huku kwa bibi yao. Baba akabeba jiko na mtungi mpaka kwenye gari, akafungia jiko ndani na kuuacha mtungi nje, chini ya mti.

Asubuhi walishuka Lushoto mjini kununua sweta za mitumba na blanketi la tatu. Simu ikapata mtandao mzuri pale sokoni. Mama akasogea pembeni, akampigia shangazi yake Njombe, wakasalimiana kirefu, wakaulizana habari za watoto na mashamba. Kisha akamuuliza habari za yule jirani. Shangazi alinyamaza kiasi kwamba Mama alidhani mtandao umekatika. Alifariki zamani, alisema, huko Makambako. Ana binti anauza viazi sokoni, mara nyingine hukutana naye, husalimiana kwa mbali.

"Unayo namba yake?" Mama akauliza.

Shangazi alisema hana, lakini Jumatano ni siku ya soko.